Muuguzi Hafunzwi kwa Miwani

Kuna habari inayopita midomoni mwa watu wa Kasongo, hasa mwa vijana wanaosoma uuguzi. Wasema kwamba dawa ya udhaifu wa shule zetu imepatikana. Ni miwani mikubwa, myeusi, inayofunika macho yote kama kitambaa cha watoto wanaocheza kujificha. Mwanafunzi akiivaa haoni tena darasa wala wenzake. Aona hopitali nzima mbele yake, mgonjwa kitandani, vyombo mezani. Wataalamu waliiita kazi hiyo uhalisia pepe. Kwa njia hiyo mwanafunzi aweza kupima tansio, kutia serumu, kuzalisha mama, hata kumwua mgonjwa mara kumi, na mara ya kumi na moja mgonjwa yule huamka mzima tena. Wenye kuisifu wasema: "Nunueni hii, na wauguzi wenu watakuwa sawa na wale wa Ulaya."

Mimi si muuguzi, ni katekista. Mtu aweza kuniuliza: yakuhusu nini mambo ya hopitali? Nitajibu. Katika vijiji vya Kabambare padri yuko mbali, na njia twaijua wote jinsi ilivyo wakati wa mvua. Mtoto akizaliwa naye hapumui vizuri, wazazi Wakristo hutuma mtu mbio kwa katekista aje kumbatiza. Nimeitwa hivyo usiku na mchana. Nimesimama na kikombe cha maji mkononi kando ya watoto ambao, naamini, kabla ya maji yangu walihitaji pumzi. Ndiyo sababu nathubutu kuandika.

Nitasimulia jambo moja tu. Miaka michache iliyopita dada yangu mdogo alijifungua katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Muuguzi alikuwa kijana mwenye diploma ya A2, aliyepita jury kwa maksi nzuri. Mtu mpole, hakudai hata franka moja kabla ya kazi. Mtoto alitoka bila kulia. Kijana yule akaanza kusema kwa sauti mambo aliyofunzwa, kama mtoto anayejibu katekisimu: kausha, sugua mgongo, safisha mdomo, pumulisha. Aliyajua yote, na kwa utaratibu wake. Lakini kifuko cha kupumulisha kilikuwa kabatini, kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa kwa msimamizi aliyekwenda mkutanoni. Tulivunja kabati. Barakoa tuliyoikuta kwanza ilikuwa ya mtu mzima. Ilifunika uso wote wa mtoto na hewa ikatokea pembeni. Ndogo ilipatikana baadaye, chini ya makaratasi. Kijana akaishika, mikono yake ikatetemeka. Siku ya pili aliniambia, huku akilia, kwamba katika miaka yote ya shule hakuwahi kukishika kifuko kile hata mara moja. Alikuwa amekichora katika daftari. Mtoto tulimzika asubuhi. Nilimpa jina la baba yangu.

Basi mwenye kuisifu miwani atarukia hapo hapo: "Unaona! Kijana huyo angalikuwa na miwani, angalizoea." Neno hilo si la kipuuzi, wala sitalipita haraka.

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Mgeni mmoja alileta miwani miwili mjini, akatuonyesha, nami nikaruhusiwa kuivaa. Nakiri kwamba nilishangaa. Niligeuza kichwa kushoto, nikaona dirisha. Nikainamia chini, nikaona sakafu nyeupe isiyo na tone la damu. Mbele yangu palikuwa na kitanda chenye shuka safi, bomba lenye maji, taa isiyozimika, na mashine ukutani inayoandika mapigo ya moyo. Mama alikuwa amelala kimya. Hapakuwa na mama mkwe wake mlangoni, wala mume wake anayeuliza bei, wala mbuzi nje. Mtoto akazaliwa. Nikanyosha mikono nimpokee, kwa vile vishikio viwili nilivyopewa, na mikono yangu ikashika hewa. Mtoto alikuwa mkononi mwangu machoni tu. Hakuwa na uzito, hakuwa na utelezi, hakuwa na joto. Nikabonyeza kidude kwa kidole gumba, na maandishi ya Kiingereza yakanisifu kwamba nimemkausha vizuri.

Wale waliozalisha watajua kwa nini nilicheka. Mtoto mchanga ana utelezi kama samaki wa Lualaba. Kuikaza barakoa juu ya uso mdogo kiasi hicho, kidole kimoja hapa, viwili chini ya kidevu, bila kumbana macho, bila kukunja shingo kupita kiasi, huku mkono wa pili unabana kifuko polepole na jicho likitazama kama kifua kinainuka: hiyo ni kazi ya vidole. Jicho laweza kuifahamu kwa siku moja. Vidole haviifahamu kwa siku moja, wala havijifunzi kwa kubonyeza kidude.

Nilimwambia hayo rafiki yangu, mwalimu wa wauguzi, ambaye tulikaa pamoja katika seminari ndogo kabla Mungu hajatuonyesha kila mmoja njia yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akanijibu kwa ukali.

"Ndugu, wewe wasema maneno mazuri juu ya vidole. Sasa niambie, vidole hivyo vitajifunza juu ya nani? Wanafunzi wangu wakienda staji, wanazunguka kitanda kimoja watu kumi na watano. Wawili wa mbele waona, wengine wasikia tu. Na anayelala pale ni nani? Ni mama maskini asiyeweza kukataa. Hakuna anayemwomba ruhusa. Mmoja ampima, wa pili ampima, wa tatu ampima tena, naye ageuza uso ukutani. Mke wa mkubwa hafanyiwi hivyo. Ungependa dada yako awe ubao wa kujifunzia?"

Nilinyamaza, maana ni kweli. Mama aliyelala kitandani si daftari la mwanafunzi. Kama kuna sababu moja ya haki ya kuileta miwani, ndiyo hiyo, kwamba kosa la kwanza lisifanyike juu ya mwili wa mtu. Na wenye kuidharau miwani kwa sababu ni kitu cha kigeni, hawajajibu neno hilo. Wako watu wa namna hiyo kwetu: kila kitu kipya ni uchawi au wizi, na kwao desturi ya kuwashika akina mama maskini bila kuwaomba ni sawa tu, kwa kuwa ni ya zamani. Mimi sitaki kuhesabiwa pamoja nao.

Lakini neno la rafiki yangu lina jibu, na jibu hilo ni la zamani kuliko umeme wenyewe. Mwaka 1759 mfalme Louis XV wa Ufaransa alimpa mkunga mmoja, Bibi Angélique du Coudray, hati ya kuzunguka nchi kuwafundisha wanawake wa vijijini kazi ya kuzalisha. Wengi wao hawakujua kusoma. Bibi yule alishona kwa nguo na ngozi sehemu ya mwili wa mama, ukubwa wake kama ulivyo, pamoja na mtoto wa kitambaa. Na wanafunzi wake walimgeuza mtoto huyo, wakamtoa, wakamrudisha, wakamtoa tena, mpaka mikono ikajua. Alifundisha maelfu kwa njia hiyo. Mwili mmoja wa nguo aliouacha ungali waonekana leo katika jumba la makumbusho mjini Rouen. Tazameni: nchi ya wakulima, njia mbaya, akina mama wanakufa, wanafunzi hawana vitabu. Je, si Kabambare hiyo?

Tena mjini Stavanger, Norwei, alikuwako fundi wa vichezeo vya watoto, Asmund Laerdal. Mwaka 1960 alitoa mwanasesere mkubwa wa kufunzia kumpumulisha mtu aliyezama. Kiwanda chake ndicho kilichotengeneza baadaye mwanasesere wa mtoto mchanga. Hujazwa maji, naye huwa na uzito kama wa mtoto wa kweli. Mwalimu akibana kipira, kitovu hupiga. Barakoa ikikazwa vizuri, kifua huinuka. Ikiwekwa vibaya, kifua hakiinuki, na hakuna maandishi ya kumsifu mtu bure. Hahitaji umeme. Hahitaji intaneti. Akianguka chini mara mia, waokota, waendelea. Mwanasesere huyo ni wa mpango wa kusaidia watoto kupumua, ulioanzishwa mwaka 2010 na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani. Tanzania iliujaribu mapema katika hospitali 8, na habari iliyotolewa mwaka 2013 ilisema kwamba vifo vya watoto katika siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Karibu nusu! Kwa mtu aliyesimama na kikombe cha maji kando ya kitanda, hesabu hiyo si hesabu tu.

Hata hivyo nisiwadanganye. Mwanasesere peke yake hatoshi pia, na hapa ndipo penye fundisho kubwa kuliko yote, nami naomba wenye kununua vitu wasome polepole.

Katika hospitali ya Haydom, ya ndugu zetu Waluteri, kaskazini mwa Tanzania, wauguzi na wakunga walifunzwa kwa siku moja kwa kutumia mwanasesere huyo. Walipimwa baadaye. Juu ya mwanasesere walikuwa wamekuwa hodari kweli. Lakini walipotazamwa chumbani, mbele ya watoto wa kweli, kazi yao haikubadilika. Siku moja ya semina, picha ya pamoja, cheti, na mtoto anakufa kama jana! Wangaliweza kuficha jambo hilo, kama sisi tunavyoficha mara nyingi matunda ya semina zetu. Hawakulificha. Waliliandika, kisha wakageuza njia. Waliweka mwanasesere karibu na chumba cha kuzalia, wakateua watu wao wenyewe wa kuhimiza, na kila juma wakafanya zoezi la dakika tatu hadi tano tu, kazini, bila posho ya safari. Baadaye vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka watoto 11 hivi kwa kila 1000 hadi 7 hivi. Kilichobadilika ni kwamba mkono ulikumbushwa kila juma.

Sasa nawauliza wenye miwani: miwani yenu itakaa wapi? Nayajibu mwenyewe, maana nayajua mambo ya kwetu. Itakaa katika ofisi ya mkurugenzi, katika sanduku lake, kwa sababu ni mali ya thamani. Itatolewa siku ya wageni. Betri itachoka, na Kasongo twapata mwanga kwa sahani za jua na kwa jenereta, tena mafuta ya jenereta yana kazi nyingine za kwanza, kama vile chumba cha upasuaji. Mwanafunzi ataivaa mara moja katika mwaka, dakika kumi, mwenzake akimvuta mkono kwa kuwa zamu yake imefika. Hiyo ni kama ile semina ya siku moja, ila gharama yake ni kubwa zaidi. Miwani mmoja wapita mamia ya dola, na wako wauguzi wengi wa serikali katika nchi yetu wanaofanya kazi mwezi baada ya mwezi bila mshahara ulio kamili, wakiishi kwa kugawana kile kidogo kinacholipwa na wagonjwa. Wazazi wa wanafunzi huuza mafuta ya mawese na mchele ili walipe karo. Kama karo itapanda kwa ajili ya miwani, ni nani atakayeacha shule? Ni yule binti wa Kabambare ambaye, baada ya kuhitimu, angalirudi kwao.

Mtu atasema: Kenya wameweza, kwa nini sisi tusiweze? Kweli, huko Busia, karibu na mpaka wa Uganda, na mjini Lagos kwa Wanijeria, walijaribu kuwakumbusha wauguzi na wakunga kazi ya kumwamsha mtoto asiyepumua kwa njia ya uhalisia pepe. Nasifu akili yao, maana hawakununua mashine kubwa. Walitumia simu za kawaida zilizotiwa ndani ya kasha la kuvaliwa machoni. Lakini angalieni utaratibu wao. Kwanza watu walifunzwa kwa mikono, pamoja na mwalimu. Miwani ilifuata, kuwasaidia wasisahau yale ambayo vidole vilikwisha kuyajua. Kwetu wataka kuanza na paa kabla ya ukuta.

Jambo jingine linaloniumiza ni kwamba wageni wengi wafika Kasongo kana kwamba hapa ni jangwa, ambapo hakuna aliyewahi kufikiri juu ya ufundi wa kuwafunza wauguzi. Kumbe! Ni hapa hapa, tangu mwaka 1971, madaktari wa Chuo cha Tiba ya nchi za joto cha Antwerpen, pamoja na wauguzi wa hapa, walianza kazi iliyojulikana duniani kwa jina la Mradi wa Kasongo. Wazo lao lilikuwa hili: hopitali moja, na kuizunguka vituo vidogo vya afya karibu na watu, na katika vituo hivyo, badala ya madaktari ambao hawakuwako, wauguzi wa kawaida, waliopewa maandiko mepesi ya kuwaongoza hatua kwa hatua, na kutembelewa mara kwa mara na wakubwa wao kazini penyewe. Muuguzi hakuachwa peke yake na diploma yake. Mfano huo, pamoja na mingine ya nchi yetu, ulisaidia kuzaa kanda za afya ambazo leo zimegawanya Kongo nzima. Walimu wa vyuo vya mbali walisoma habari za Kasongo kabla watoto wa Kasongo wenyewe hawajazisikia.

Tena watu wale walikuwa na desturi moja ambayo naipenda sana: waliuliza maswali yanayochoma. Walipotoa chanjo ya surua, hawakutosheka kuhesabu chupa na sindano. Walifuata watoto wa miezi 7 hadi 35 na kuuliza: je, wanaishi zaidi kuliko wale wa mahali pasipochanjwa? Majibu yao yalitoka katika gazeti la madaktari la Uingereza, *The Lancet*, mwaka 1981, yakaleta mabishano ya miaka mingi, kwa maana waliona faida ikipungua kadiri watoto walivyokua. Wataalamu wengine walizipinga hesabu hizo, na leo hakuna mwenye akili anayeshuku kwamba chanjo ya surua yaokoa watoto. Mchanjeni wa kwenu. Lakini swali lenyewe ni swali la haki. Swali la Kasongo ni hili: baada ya vitu vyote kugawanywa, ni nani yu hai?

Basi iulizeni miwani swali la Kasongo. Mtu akija kuwaambia kwamba wanafunzi wameipenda, mwulizeni. Akisema wamepata maksi nyingi zaidi katika mtihani, mwulizeni tena. Kijana aliyemzalisha dada yangu alikuwa na maksi nyingi.

Kuna pia jambo la lugha, ambalo wengi walidharau. Programu hizo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, chache kwa Kifaransa. Mgonjwa wa ndani ya miwani hujibu upesi, kwa maneno yaliyopangwa: naumwa hapa, tangu siku mbili. Mgonjwa wa Kabambare hasemi hivyo. Mama Mbangubangu aliyetembea tangu usiku atasema kwa Kibangubangu, au kwa Kiswahili cha kwetu, kwamba mwili hauna furaha, kwamba mtoto amelala vibaya, kwamba moyo unamkimbia. Ataficha kwamba alikunywa dawa ya mizizi ili uchungu uje haraka, maana aliyempa amekaa papo hapo naye amtazama. Muuguzi lazima amtoe yule mzee nje kwa heshima, bila kumwaibisha, akitafuta sababu, labda kumtuma maji. Kisha amwulize mama kwa sauti ndogo. Nani atamfunza kijana ufundi huo? Nimewaona wakunga wa zamani wakiufanya, hata wasiojua kuandika majina yao. Mwanafunzi akikaa kando yao miezi mitatu, hujifunza. Katika miwani, mama hana mama mkwe.

Wengine watadhani nataka miwani itupwe mtoni. La. Kuna mambo ambayo muuguzi hukutana nayo mara chache, tena hayangoji: mama anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa, degedege la mimba, mtu aliyepigwa risasi, jambo ambalo watu wa upande wa Salamabila wanalijua kwa huzuni. Mwanafunzi aweza kumaliza staji yake yote bila kuona hata moja. Hapo picha inayomzunguka mtu pande zote yaweza kumpa moyo, ili siku ya kwanza isiwe kwake ngeni kabisa. Aone ni nani asimame wapi, aitwe nani kwanza, dakika zinavyokimbia. Kadhalika kuvaa na kuvua nguo za kujikinga na Ebola, ingawa hata hapo ningependa avae nguo zenyewe. Shule yenye wanasesere wa kutosha, glavu za kutosha, na mwalimu wa staji anayelipwa, ikitaka kuongeza miwani, Mungu aibariki. Shule ngapi katika Maniema ziko hivyo? Zimeota kama uyoga, nyingine katika nyumba za kupanga, zenye wanafunzi mia na kitanda kimoja cha mbao. Kwa shule ya namna hiyo miwani ni rangi ya kupaka ukuta unaoanguka. Mzazi akiiona, atadhani nyumba ni imara, na atalipa.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, nami siifichi. Hakuna aliyekosa kwa kuvumbua miwani. Wakosa wale wanaojua kwamba kijana atamaliza masomo bila kugusa kifuko cha kupumulisha, wakatia sahihi diploma yake, wakampeleka peke yake kilomita nyingi kutoka kwa daktari wa karibu, kisha wakatafuta fedha za kitu kinachopendeza wageni. Muuguzi titulaire wa kijiji ndiye daktari, mkunga, mfamasia na mwandishi. Usiku hana wa kumpigia simu, kwa kuwa mara nyingi mtandao wenyewe haupo. Kumpeleka huko na mikono mitupu ni kumwonea yeye kwanza, na kuwaonea akina mama pamoja naye.

Rafiki yangu mwalimu na mimi tulibishana jioni tatu. Hakukubali yote. Bado asema kwamba miwani ingewafaa wanafunzi wake waoga, wale wanaozimia wakiona damu, na labda ana haki, yeye awajua kuliko mimi. Lakini jioni ya tatu aliuliza, kama mtu anayejisemea: kwa bei ya miwani miwili, na mashine yake, na mafuta ya kuichaji, na safari ya fundi kutoka Bukavu ikiharibika, tungepata wanasesere wangapi wa watoto wachanga? Tulichukua karatasi, tukapiga hesabu. Kila kituo alichokijua katika kanda yake kingepata mmoja, na mabaki yangenunua vifuko na barakoa ndogo, namba sifuri na namba moja. Aliikunja karatasi ile akaitia mfukoni, hakusema neno.

Baada ya miezi michache alimleta mwanasesere mmoja wa shule nyuma ya pikipiki, amemfunga kwa kamba za mpira, katika kile kituo ambapo dada yangu alijifungulia. Njiani watu walidhani amebeba maiti ya mtoto, wakavua kofia. Alikaa siku mbili na yule kijana na mzalishaji wake, kisha akarudi na mwanasesere, kwa kuwa wanafunzi wa Kasongo nao wana mmoja tu.

Juzi nilipita pale. Mlango wa kabati umeng'olewa, hauna tena haja ya ufunguo. Kifuko kimetundikwa msumarini juu ya kitanda cha kuzalia, na barakoa ndogo imefungwa kwake kwa uzi mwekundu. Kila Jumatatu asubuhi, kabla wagonjwa hawajaingia, wale wawili hufanya zoezi lao kwa mtoto wa nguo aliyeshonwa na mzalishaji, aliyejazwa mchanga ili awe na uzito. Kifua chake hakiinuki, maana ni mchanga. Kijana aliniambia kwamba hilo ndilo linalomsumbua, hajui kama hewa ingeingia. Wameandika barua kuomba mwanasesere wao wenyewe. Ilikwenda kabla ya mvua, na jibu halijafika.